Makofi ya Shimoni

Jumamosi, 16 Agosti

Msimu umefunguliwa leo, na mdogo wangu amefungwa goli ambalo hata mimi, ninayeogopa mpira ukirushwa upande wangu, ningelizuia. Shuti lenyewe halikuwa shuti. Mshambuliaji wao aliteleza, mpira ukamgonga ugokoni, ukaanza kusogea golini polepole kama mgeni asiye na uhakika na nyumba anayoitafuta. Mdogo wangu aliinama, akafungua mikono, nao ukapita katikati ya miguu yake. Kipa amepigwa tobo na mpira usio na mpigaji.

Tumepoteza, moja bila.

Mwaka jana, msimu wake wa kwanza langoni, walimpa jina la Sumaku kwa sababu mipira ilikuwa ikinasa viganjani mwake. Jina lilitoka Shimoni, jukwaa la nyuma ya goli, ambalo watu huliingia kwa kushuka ngazi. Baba ana kiti chake huko tangu kabla sijazaliwa. Leo alirudi kabla yetu, akakaa na redio sikioni kama mtu anayesubiri matokeo yabadilishwe.

"Dada, uliona?" mdogo wangu aliniuliza wakati wa chakula.

"Niliona."

"Mpira ulikuwa unatembea."

"Tena kwa miguu."

Tulicheka mpaka mama akauliza kuna nini.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumeshinda mbili bila. Lakini nataka kuandika jambo jingine.

Mapema kabisa ilikuja krosi hafifu, isiyofuatwa na mtu. Ilimfika mdogo wangu kifuani, akaidaka. Shimoni yote ikasimama, ikampigia makofi. Si makofi ya hivi hivi. Yalikuwa ya pamoja, mazito, yenye mapigo, kama watu waliofanya mazoezi. Kiongozi wao, kinyozi mmoja tunayemwita Tarumbeta kwa sababu haendi uwanjani bila tarumbeta lake, akapuliza, nao wakaitikia kwa kuvuta: "Sumakuuu." Akidaka tena, wanasimama tena.

Nilicheka. Zaidi ya kucheka, nilivutiwa. Kazi yangu ni kusahihisha prufu za vitabu vya shule kabla havijachapishwa, na mezani nina kitabu cha fasihi chenye sura nzima ya tamathali za semi. Mwandishi amejaza kurasa akieleza kinaya na hajafikia nusu ya walichokieleza watu wale kwa viganja vyao. Unamsifu mtu kwa nguvu zote kwa jambo dogo, na sifa yenyewe inamkumbusha lile kubwa lililomshinda.

Mdogo wangu aliuelewa utani huo. Akainama mbele yao kama mwigizaji mwisho wa mchezo, mkono kifuani. Wakampenda zaidi.

Jumamosi, 30 Agosti

Sare. Makofi tena. Aliinua mkono, hakuinama.

Jumamosi, 13 Septemba

Tulikuwa ugenini. Nilidhani yale mambo yangebaki nyumbani, lakini Shimoni walipanda mabasi wakasafiri nayo. Kilichonishtua ni mashabiki wa wenyeji. Hawajui habari ya tobo. Waliona watu wakisimama kila kipa anapodaka, wakadhani ndiyo desturi yetu, wakasimama nao. Kwa hiyo leo mdogo wangu amepigiwa makofi na uwanja mzima, nusu wanamcheka na nusu wanamheshimu, na sauti ni moja.

Nilimwambia baba kwamba utani huu umezeeka. Alikuwa anavua viatu.

"Wanampenda," alisema. "Kipa asiyependwa huzomewa."

Jumanne, 23 Septemba

Leo nimebishana na mhariri mkuu juu ya fasili ya kinaya. Prufu inasema: kauli ambayo msemaji hukusudia kinyume cha anachosema.

"Na msemaji akikana kwamba alikusudia kinyume?" niliuliza.

"Basi si kinaya."

"Na yule aliyeumia?"

Alivua miwani. "Huyo ni wa daktari, si wa fasihi. Pitisha ukurasa."

Nimeupitisha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumepoteza. Joto kali. Makofi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo nimeona kitu.

Ilikuja krosi rahisi, mpira wa kudaka na kulala nao. Mdogo wangu aliupangua kwa ngumi ukatoka kona. Watu wakaguna. Baadaye shuti dogo, la chini, tena akalipangua likatoka kona. Kocha alikuwa pembeni ya mstari amejishika kichwa. Kona ya tatu ndiyo iliyotufunga.

Redioni jioni walisema mikono yake imekuwa laini. Si kweli. Mchana kutwa nilikuwa nikimtazama yeye tu, na ninajua kilichotokea. Makofi huja akidaka. Akipangua hayaji. Mdogo wangu ameacha kudaka.

Sikumwambia kwamba nimejua. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake akifungua bandeji za vidole, moja moja, akizipanga juu ya shuka kwa urefu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemweleza baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimesoma sana.

Jumatano, 5 Novemba

Wiki tatu nimekuwa nikijiambia niende, leo nimekwenda. Nilitoka kazini mapema nikapita kwenye kibanda cha kunyolea cha Tarumbeta. Ni chumba chembamba chenye viti viwili na kioo kirefu kilichopasuka kona moja. Ndiye aliyemnyoa mdogo wangu kwa mara ya kwanza, akiwa mtoto wa kubebwa, kwa hiyo sisi humwita mjomba ingawa hatuna undugu. Mashine ilikuwa kichwani mwa mteja mmoja mnene, na wengine wawili walikuwa wakingoja zamu yao.

"Msomi wetu," alisema kupitia kioo. "Leo umekuja kunyoa?"

"Nimekuja kuomba, mjomba. Muache kumpigia makofi mdogo wangu."

Mashine ilizimwa. Mteja akabaki na upara wa upande mmoja.

"Hebu rudia. Tuache kumshangilia?"

"Ile si kumshangilia. Unajua mwenyewe."

"Mimi najua viganja vyangu. Vinapiga makofi. Wenzetu kule ng'ambo ya mji kipa wao akikosea wanamrushia chupa za maji. Sisi tumemrushia nini kijana wetu?"

"Mnamkejeli."

"Kejeli ipo kwenye neno gani? Tunasema Sumaku. Si jina lake?"

"Jina lake mlilitumia akiokoa. Sasa mnalitumia akishika mpira ambao hata mama angeushika."

Mmoja wa waliongoja akasema, "Kumbe dada mtu ndiye anayesema kaka anashika mipira ya mama." Wakacheka wote, hata mwenye upara wa nusu.

Tarumbeta hakucheka. Alikuja karibu, na nikaona kwamba ameumia, ameumia kweli, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo. "Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "nimekwenda Shimoni na homa. Nimekwenda siku niliyotoka kuzika. Leo unakuja mbele ya wateja kuniambia siipendi timu yangu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Ninyi mnaosoma, mtu akikusalimu mnatafuta amekutukana wapi."

Nilitaka kumjibu kwamba mtu anaweza kukipenda kitu na bado akakiumiza. Lakini mteja akauliza kwa upole kama anaweza kumaliziwa upande wa pili.

Alhamisi, 6 Novemba

Habari imeingia kwenye kundi lao la simu. Baba yumo, nimesoma kwenye simu yake. "Dada wa kipa amekuja kutupangia namna ya kushangilia." "Tumekosea wapi kumpenda?" "Basi tukae kimya kama msibani." Mmoja tu, simjui, aliandika: "Lakini jamani, mwanzoni si tulikuwa tunamcheka?" Walimshukia mpaka akafuta na kuomba radhi.

Baba hakuandika kitu. Hakuandika kitu kabisa.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamekuja na bango. TUNAKUPENDA SUMAKU, herufi nyekundu, refu kutoka ngazi hadi ngazi. Makofi yamekuwa mara mbili ya zamani. Kuna waliopiga kwa kunikasirikia mimi, kuna waliopiga kwa utani uleule, na nina hakika kuna waliopiga kwa mapenzi safi, watoto hasa, waliokuja msimu huu na kukuta ndivyo inavyofanywa. Sina njia ya kuwatenganisha. Naye pale golini, amewapa mgongo, atawatenganisha vipi?

Nilikwenda kuuzima moto nikaupepea. Moto huu mkubwa ni wangu.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumefungwa tatu. Alipangua kila kitu.

Jumapili, 7 Desemba

Asubuhi mama alimwomba amwingizie mtungi wa gesi jikoni. Aliuinua akauweka mahali pake, na mama akasema anavyosema siku zote, "Hongera, baba. Una nguvu."

Mdogo wangu alisimama. "Hata wewe, mama?"

"Hata mimi nini?"

"Ni mtungi tu. Kila mtu anaweza kubeba mtungi."

Mama alinitazama. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani, ulikuwa unakwenda kumgusa begani. Akaurudisha, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Tangu hapo tunapima kila neno. Jioni nilimwona kavaa shati jipya, limempendeza, na sikusema. Nyumba yetu imekuwa mahali ambapo mtu hawezi kusifiwa. Ningejua namna ya kusema jambo jema kwa maneno yasiyo na upande wa pili, ningelisema. Nimesoma miaka yote ile na sina sentensi hiyo moja.

Jumatatu, 12 Januari

Amewekwa benchi. Amelala mchana kutwa. Ameamka akala sahani mbili. Mama anaimba jikoni kwa sauti ya kujificha.

Jumamosi, 24 Januari

Alitoka benchi kwenda kupasha misuli pembeni, wakati wa mapumziko. Mwenzake alimrushia mpira, akaudaka. Shimoni ikasimama.

Jumamosi, 14 Februari

Kipa mwingine ameumia paja, hatacheza tena msimu huu. Tuko nafasi ya tatu kutoka chini, na timu tatu zinashuka daraja. Kocha alimpigia simu mdogo wangu. Kwenye meza ya chakula alisema tu, "Narudi," kwa sauti ya mtu anayesema anapelekwa.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza. Siku zote huwa naketi jukwaa la pembeni na mama. Leo nilimwambia baba ninakwenda naye Shimoni, na hakupata sababu ya kunikatalia.

Mtu akiwa huko chini anaelewa mambo mengine. Kuna joto. Watu wanajuana kwa majina ya utotoni, wanagawana karanga na miavuli, wanaulizana habari za wagonjwa. Waliniona wakanisogezea nafasi bila neno. Tarumbeta alinisalimu kwa kichwa. Nilikuwa nimekwenda kuwachukia, na ilikuwa kazi ngumu.

Kisha ikaja krosi. Mdogo wangu alisahau, au labda aliteleza, akaidaka. Wakasimama. Na baba akasimama.

Alikuwa akipiga makofi. Viganja vilivyotufundisha kuendesha baiskeli, juu kabisa, mbele ya uso, kwa mapigo yaleyale ya wenzake. Na midomo yake ilikuwa ikisema Sumaku.

Mimi nilibaki nimekaa. Maji ya mvua yalitiririka kutoka kwenye kofia yake yakanidondokea magotini. Nilisubiri ageuke. Alikaa bila kugeuka.

Njiani nilimuuliza kwa nini anapiga nao.

"Unafikiri ni rahisi?" alisema. "Siku ile ya tobo hakuna aliyenitazama. Watu wote wale, hakuna jicho hata moja lililonigeukia. Wiki iliyofuata wakaanza makofi, na sasa wakanitazama wote kwa pamoja, kuona nitafanya nini. Ningekunja mikono ingekuwa kweli wanamcheka mwanangu na mimi nimekaa hapo. Nikipiga nao, ni utani. Ni utani tu, wa nyumbani."

"Na ni utani?"

"Nimekwambia ni utani."

"Baba, yeye anajua kwamba na wewe unapiga?"

Alifungua mwavuli ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Jumapili, 8 Machi

Nimemuuliza mdogo wangu. Alijibu bila kuacha kufunga kamba za viatu. "Kiti cha baba kinaonekana vizuri sana kutoka golini, dada."

Jumamosi, 28 Machi

Tumepoteza. Mvua.

Jumamosi, 4 Aprili

Sare. Mvua. Hatuzungumzi mezani.

Jumapili, 19 Aprili

Nitajaribu kuandika haya kwa utulivu.

Jana tulifungwa nne. Leo baada ya chakula cha mchana nilitoka kuanua nguo kabla ya mvua. Mdogo wangu alikuwa getini. Geti letu ni la chuma, zito, na upande wa bawaba, kati yake na nguzo, kuna nafasi. Alikuwa ameingiza vidole vya mkono wa kulia katika nafasi hiyo, vinne, mpaka kwenye vifundo. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akilivuta geti taratibu, akiliachia, akilivuta tena, kama mtu anayepima kiatu.

"Unafanya nini?"

"Siwezi kujibana mwenyewe. Nikifika mahali mkono unajitoa wenyewe." Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo kawaida ndiyo iliyonitisha. "Dada, sukuma."

Nguo zilinianguka.

"Sukuma mara moja tu. Vikivunjika hawatanipanga tena. Hakuna atakayesema niliogopa. Nitakuwa nimeumia."

"Toa mkono."

"Sijui tena nikidaka nimefanya kosa au sijafanya. Nikiwa angani mpira unakuja, ninawasikia kabla hawajapiga. Sukuma, dada. Kwa ajili yangu."

Nilisogea, nikaingiza mkono wangu mimi juu ya wake, katika nafasi ileile. Sikuwa nimefikiri. Nilimwambia basi vuta, tuvunjike wote. Tulisimama hivyo, mikono yetu katika chuma, na mvua ikaanza, na nguo safi za watu wanne zikiloa juu ya udongo. Alitoa wake kwanza.

Nilimweleza mama, akaenda kukaa naye chumbani, na bado yuko huko. Nilimweleza baba. Alikuwa kwenye kiti chake cha sebuleni.

"Alikuwa anakutania," alisema.

Sijawahi kumpazia baba sauti, na leo pia sikumpazia. Nilimwambia, "Baba, katika nyumba hii, mtu akiacha kutania tutamjuaje?"

Amezeeka mbele ya macho yangu.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeandamana na mdogo wangu kwa daktari wa timu, kisha kwa mshauri wa wagonjwa ambaye daktari alituelekeza kwake, mama mmoja mwenye ofisi ndogo yenye pazia la kijani. Alimwambia anaweza kuacha kucheza leo hii na hakuna mwenye haki ya kumuuliza. Mdogo wangu alifikiri, akasema kuna mechi zimebaki na hakuna kipa mwingine, atamaliza. Mshauri akamwambia aje kila wiki. Nilitamani amkataze. Hakumkataza.

Usiku nimefunga geti kwa kufuli, ufunguo nimelala nao.

Jumamosi, 2 Mei

Tumeshinda. Sijui ilikuwaje. Makofi.

Jumamosi, 23 Mei

Mechi ya mwisho. Sare ingetuacha ligi kuu, kufungwa kungetushusha. Nilikaa Shimoni pembeni ya baba kwa sababu nilitaka, likitokea la kutokea, niwe karibu na goli.

Tulikuwa sare, moja kwa moja. Mwisho kabisa beki wetu akamkwatua mtu ndani ya boksi, na mwamuzi akaonyesha penalti. Lango lenyewe lilikuwa la upande wa Shimoni. Shimoni ilinyamaza hivi kwamba nilisikia hatua za mpigaji akirudi nyuma. Mpigaji alikuja, akapiga chini kushoto, kwa nguvu, pembeni kabisa, na mdogo wangu akaruka. Nilijua ataupangua. Mwaka mzima amepangua.

Aliudaka. Aliukumbatia ukiwa bado unazunguka, akaanguka nao, akaukunjia mwili wote.

Kisha Shimoni ikapasuka. Haikuwa na mapigo, haikuwa na mpangilio, watu walipiga makofi huku wakilia, wakipigana viganja na wasiowajua. Tarumbeta alijaribu kupuliza, pumzi ikamwishia, akaketi kwenye ngazi amefunika uso. Yalikuwa makofi ya kweli. Katika maisha yangu sijasikia yaliyo ya kweli zaidi.

Mdogo wangu aliinuka, akautoa mpira, akatutazama. Akaziba masikio kwa glovu zake zote mbili. Alibaki hivyo mpaka kipenga cha mwisho, na kipenga kilipolia akakimbilia chumba cha kubadilishia nguo akiwa peke yake, wenzake wakimkimbiza kumbeba wasimpate.

Baba peke yake hakusimama. Alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti.

Njiani nilimwambia mdogo wangu, "Leo walimaanisha."

"Yalikuwa yaleyale," alisema.

Jumapili, 24 Mei

Wamekuja mchana. Tarumbeta na wawili wa kamati ya Shimoni, wamevaa kama watu wanaokwenda kuposa. Mama aliwakaribisha sebuleni. Baba alikuwepo. Nilikwenda kumwita mdogo wangu, na alipoingia mlangoni, hawakufikiri, najua hawakufikiri, walisimama wote watatu wakampigia makofi.

Alikaa. Aliwasalimu kwa heshima, mmoja mmoja.

"Kijana wetu," alianza Tarumbeta, na sauti ilikuwa imemkauka kweli, "tumekuja kukushukuru. Jana hapakuwa na utani pale."

"Siku nyingine utani ulikuwepo?" niliuliza.

Aliniangalia. "Sijasema hivyo."

"Umesema jana haukuwepo."

"Nimesema jana. Usinigeuzie maneno. Sisi tumemshangilia tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na jana ameona faida yake. Angekuwa timu nyingine wangeshamvunja moyo."

"Mjomba." Nilijitahidi kuongea polepole, kwa sababu hili ndilo nililokuwa nikilitafuta mwaka mzima na nilikuwa nimelipata sekunde hiyohiyo. "Kama mnasema makofi ya mwanzo yalikuwa ya kweli, basi na ya jana ni kama yale, ambayo yeye anajua yalikuwa kicheko. Umempa nini? Mwambie kwamba mlikuwa mnamcheka. Neno hilo moja. Ukilisema, ya jana yatakuwa yake. Usipolisema, hana kitu."

Wale wawili walitazama mazulia. Niliona Tarumbeta akifika karibu nalo, uso wake ukalegea, na nikaamini. Kisha akaangalia wenzake.

"Shimoni haijawahi kumcheka mtu wake," alisema.

"Asanteni kwa kuja," alisema mdogo wangu. Akainuka, akatoka nje kwa mlango wa jikoni. Nilijua kwamba imekwisha. Nilijua hatavaa glovu tena, na kwamba hilo si kubwa, kubwa ni kwamba hatamwamini mtu yeyote mwenye neno jema, sisi tukiwa wa kwanza.

Baba akasimama. Hakuwaaga wageni. Alipita mbele yao, akapita jikoni, na mimi nikaenda mpaka dirishani.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani. Baba alisimama mbele yake, na nilidhani atachuchumaa, hakuchuchumaa. Alisimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nilikucheka," alisema.

Mdogo wangu hakuinua kichwa.

"Tangu mechi ya pili. Walianza wenzangu nikaingia. Nilijua ni kicheko. Hakuna aliyekuwa hajui. Nilikuwa naona aibu ya lile goli, nikaona heri niwe upande wa wanaocheka. Ulipoacha kudaka, dada yako aliniambia, na nilimwelewa. Nikaendelea."

"Na jana?"

"Jana sikupiga."

"Nilikuona."

"Nilitaka. Niliona nikipiga utasikia yale ya zamani. Sikuwa na makofi mengine."

Mdogo wangu alimtazama sasa. Alimtazama muda mrefu, kama anavyomtazama mpigaji anayeweka mpira chini.

"Rudia," alisema.

"Nilikucheka."

"Rudia, baba."

"Nilikucheka, mwanangu."

Hapo akalia. Hakuwa amelia mwaka mzima, hata getini. Alilia mdomo wazi, kwa sauti, sauti iliyofika sebuleni walikokaa wageni, na kila alipopata pumzi alisema rudia, na baba akarudia.